Nililala Chini ya Pikapu Nyekundu

Mbeya, Jumapili alasiri, Juni 1956

Baridi ya leo inauma hadi kwenye kucha. Ukungu haujaondoka mlima Loleza tangu asubuhi, na mimi sijatulia tangu jana. Nimefagia uani mara mbili. Nimechambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda mlangoni kuchungulia barabara, nimerudi. Mwisho nimechukua daftari hili, maana mikono yangu ikikosa kazi leo itavunja kitu.

Mzee hajaleta neno.

Mzee ni baba wa mume wangu. Jina lake silitaji, na hata humu siliandiki. Mimi ni Mhehe wa Ipogolo, nimeolewa na Mnyakyusa, na Wanyakyusa wana sheria moja ambayo kwa miaka saba sasa haijaniingia vizuri. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake. Hasemi naye, wala hapiti njia aliyosimama. Kwetu Iringa nako wakwe hustahiwa, lakini si hivi. Mzee akija mjini hulala kwa nduguye, nyumbani kwetu haingii. Akikaribia mahali hukohoa kutoka mbali, nami najitanda kanga na kutafuta pa kujificha, nyuma ya ukuta, kwenye migomba, popote. Wapo Wakristo siku hizi wanaosalimiana na wakwe zao bila shida. Mzee naye ni Mkristo, tena wa siku nyingi, ila katika hili hajabadilika. Miaka saba yote uso wake siujui. Ninachokijua ni kikohozi chake na miguu yake.

Na mtu huyo ndiye mwenye neno la mwisho juu ya gari letu.

Ambakisye, mume wangu, ameendesha malori ya watu miaka kumi na moja. Sasa tumepata kazi yetu wenyewe: kuchukua viazi Uporoto, kuvifikisha Iringa, na kurudi na saruji na mabati. Wakulima wamekubali, mwenye duka wa Iringa amekubali, kilichobaki ni gari. Gari litanunuliwa kwa ng'ombe wa mzee, na ng'ombe hao waliwekwa kwa ajili ya Lusajo, mdogo wake Amba, ili aoe. Mzee alisema Lusajo angoje mwaka mmoja, gari litamrudishia ng'ombe wake. Lusajo alikubali huku amenuna. Mchumba wake sijui kama amekubali.

Kwa hiyo gari likifa, Lusajo haoi. Na likifia mlimani, mume wangu yumo ndani yake.

Hilo la pili ndilo linaloninyima raha. Huwa silisemi kwa sauti, maana Amba hucheka na kusema mimi ni mwoga wa magari aliyezaliwa gereji.

Pikapu ziko mbili kwenye yadi ya mjini. Ya kwanza ni nyekundu, silinda nane, aliyekuwa nayo ni mkulima mmoja aliyekwisha kuhama. Vyuma vyake vya mbele vinang'aa mpaka unaweza kujitazama ukichana nywele. Ya pili ni ya kijivu, silinda sita, bodi yake ya mbao, springi zake nene, na gia yake ya kwanza ni ya polepole hata mtu wa miguu anaweza kuongozana nayo akimsimulia dereva habari za msiba. Hiyo ya kijivu haina sura. Ukiiacha sokoni hakuna atakayegeuka kuitazama.

Alhamisi nilimwambia Amba kwamba nguvu za kukimbia si nguvu za kubeba. Baba yangu alikuwa fundi pale Ipogolo, chini ya mlima, mahali malori yanaposimama kupoa kabla ya kupanda Iringa mjini. Nimekua nikimshikia taa na spana. Nilimwona mtu mmoja akijivunia injini yake asubuhi, na jioni akarudishwa amebebwa, mguu mmoja umebaki mlimani, kwa sababu fremu ya gari ilikatika katikati ya mteremko na mzigo ukamvuta nyuma. Baba alikuwa akisema, gari usiliulize mdomo wake, liulize mgongo.

Amba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, lakini si kwa ubaya.

"Mama Gwakisa, miaka kumi na moja napitwa," akasema. "Mabasi yananipita. Hata pikipiki ya padri inanipita. Mara hii nataka nipite mimi."

Mtu akikwambia kiu yake utamwambia nini?

Jana basi tulikwenda yadi. Mimi nilichukuliwa kwa sababu karatasi za magari zimeandikwa Kiingereza, nami ndiye niliyekisoma kwa masista. Tulipanga vizuri: nisome karatasi, niondoke kabla ya saa sita, ndipo mzee aje aone gari na kutoa neno. Karatasi zilikuwa safi. Mwenye yadi, mtu mnene mcheshi mwenye kofia ya kahawia, akapakia magunia ya mchanga kwenye ile nyekundu, akampa Amba ufunguo. Tukapanda mlima wa nyuma ya mji, mimi nimekaa kando yake.

Nakiri hapa ambapo hakuna anayesoma. Nililipenda gari lile. Lilipanda na mchanga wake kama halina kitu, upepo ukanivua kitambaa kichwani, Amba akapiga honi bila sababu, na mimi Mhehe wa gereji nikacheka kama msichana. Kwa dakika chache nilisahau springi, nikasahau mguu wa yule mtu.

Tuliporudi, Amba na mwenye yadi wakaingia ofisini. Nilibaki nje nikijipangusa vumbi, na ndipo nilipotazama chini.

Alama za tairi zilikuwa wazi kwenye vumbi la langoni. Tairi za mbele zimepita hapa, za nyuma zimepita kando, tofauti ya vidole vitatu. Gari lilikuwa likitembea upande, kama mbwa anavyokimbia. Baba yangu angetema mate chini. Gari zima hufuata miguu yake yenyewe, na lisipofuata basi mgongo umepinda.

Nikaokota jiwe, nikakaza kanga, nikajiingiza chini.

Fremu yote ilikuwa na kutu na matope ya zamani, ila mahali pamoja, karibu na katikati, palipakwa rangi mpya nyeusi. Nikapapasa. Palikuwa na uvimbe wa kuchomelea, urefu wa kiganja, upande wa kulia. Upande wa kushoto upo mwingine. Nikagonga mbele kwa jiwe, chuma kikalia vizuri. Nikagonga kwenye uvimbe, kikatoa sauti ya chungu chenye ufa.

Basi nikiwa pale chali, mafuta yananidondokea shavuni, nikasikia kikohozi.

Jirani wa yadi ni fundi wa madebe, na nyundo yake ilikuwa imefunika kila kitu. Mzee alikuwa amekohoa kutoka mbali kama kawaida yake, mimi ndiye niliyesikia kwa kuchelewa. Saa sita haikuwa imefika. Nilipogeuza kichwa niliona viatu vya tairi, visigino vilivyopasuka, na ncha ya fimbo. Alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwangu. Mwenye yadi na Amba wakatoka ofisini. Amba alidhani nimekwisha kwenda nyuma ya ukuta kama tulivyokubaliana.

"Mzee, hii gari ni simba," mwenye yadi akasema.

"Simba habebi viazi," mzee akajibu.

"Inabeba, baba," Amba akasema. "Leo tumepanda na mchanga, hata haikuhema. Ngoja niwashe usikie mwenyewe."

Nikasikia mlango unafunguliwa. Amba alipokaa, springi zikashuka, chuma kikasogea karibu na pua yangu. Nikawaza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, nikitoka mzee ataniona uso kwa uso, nami nimepakaa mafuta kama pancha iliyozibwa. La pili, nisipotoka mume wangu atanikanyaga kwa gari lile lile ninalotaka asilinunue.

Nikagonga fremu mara tatu kwa jiwe.



"Hii gari inagonga hata haijawashwa," mzee akasema.

"Ni yule fundi wa madebe, mzee," mwenye yadi akasema, lakini sauti yake ilipungua.

Nikagonga tena, kwa nguvu. Amba akashuka, akainama, uso wake ukanitokea kichwa chini miguu juu. Aliyosema yalikuwa ya Kinyakyusa na siyaandiki. Pindo la kanga yangu lilikuwa limetokeza nje, na nadhani mzee aliliona, maana ile miguu iligeuka palepale. Nikabaki naona visigino. Baadaye niliambiwa kwamba alivuta koti lake mpaka kichwani.

"Toka upesi, baba amegeuka," Amba akaninong'oneza.

Ningetoka. Ningekimbilia nyuma ya ukuta na mambo yangeishia hapo. Lakini fimbo ya mzee iligonga gurudumu, polepole, na mzee akaanza kusema. Hakuwa akisema na Amba wala na mwenye yadi.

"Wewe gari. Mtoto wangu anasema una nguvu. Mwenye yadi anasema wewe simba. Wewe mwenyewe unasemaje?"

Niseme wazi jinsi ilivyo huku. Mtu akiwa na neno kwa mtu asiyeruhusiwa kusema naye, huweza kulisemesha jambo lingine lililo karibu, kuku, mtoto mchanga, jiwe la kusagia, na mwenye masikio yake husikia. Nimewaona wengine wakifanya hivyo. Mimi sijawahi kufanyiwa. Neno langu kwa mzee siku zote hupitia kwa mama mkwe, na lake kwangu vivyo hivyo, likifika limekwisha kupoa.

Nikasema:

"Mimi gari nilivunjika, mzee. Hapa katikati, kulia na kushoto. Nikachomelewa, nikapakwa rangi. Mchanga wa leo nimeubeba kwa kuwa ni mara moja. Nikipakiwa viazi kila wiki, mlima wa Ipogolo nitakatika, na aliye ndani yangu hatatoka mzima."

Fundi wa madebe alikuwa ameacha kugonga, nadhani alikuja kwenye ukuta kusikiliza.

"Ndaga, gari," mzee akasema. Ahsante. Kisha viatu vya tairi vikaenda zake, na sikutoka mpaka niliposikia kikohozi kutoka barabarani.

Mwenye yadi aliingia chini na taa. Alipotoka alikuwa amevua kofia, akaapa kwamba aliinunua hivyo na hakujua. Sijui. Huenda ni kweli. Rangi ile lakini ilikuwa mpya.

Tulirudi nyumbani Amba akiwa mbele na mimi nyuma, kama watu wawili wasiojuana walioelekea njia moja. Wakati wa kula ndipo aliposema sentensi yake ya pekee ya jana.

"Umenivua nguo mbele ya baba."

Nilikuwa na jibu, tena zuri, nikalimeza na ugali. Lakini tangu hapo sentensi ile inazunguka kichwani. Ni kweli. Miaka yote mzee amemwona Amba kama mwenye kujua magari, dereva wa familia, na mbele ya mtu wa nje mkewe akaonyesha, tena akiwa amelala chali mavumbini, kwamba alikuwa anataka kununua kitu kilichovunjika. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Amelala amenipa mgongo, na asubuhi akavaa shati lake mwenyewe bila kuuliza liko wapi.

Kanisani habari ilikuwa imekwisha kufika. Fundi wa madebe ana mdomo kuliko nyundo yake. Akina mama wananiuliza, "Gari limeamkaje?" na kubana kicheko. Nilicheka nao, maana ukikasirika ndiyo wanazidi. Lakini mama mmoja wa makamo, mke wa katekista, alinishika mkono bila kucheka. Aliniambia sauti ikishasikika hairudi mdomoni, na kwamba zamani jambo kama lile lingeleta ugonjwa nyumbani. Sina hakika kama naamini. Nilipofika nyumbani nilimgusa mwanangu Gwakisa paji la uso mara nne. Hana homa. Anacheza na mfuniko wa sufuria.

Sasa liko jambo moja ambalo sijamwambia mtu, wala Amba.

Nilikuwa na nafasi ya kutoka. Miguu ya mzee ilipofika upande wa kulia, upande wa kushoto ulikuwa wazi kabisa, na ukuta uko hatua tatu tu. Ningetambaa, nisingeonekana. Ningemngoja Amba nyumbani, nikamwambia faraghani, naye angekwenda kwa baba yake kama mwanamume aliyegundua mwenyewe. Niliuona ule upenyo. Nakumbuka jinsi jua lilivyoanguka pale.

Sikutambaa.

Nilijiambia ni hofu. Leo nikifagia mara ya pili nimejua haikuwa hofu. Nilikuwa nimemwambia Amba Alhamisi akacheka. Nilikuwa nimechoka kukimbia kikohozi na kuwa kanga inayojificha. Nilitaka mzee asikie, na nilitaka asikie kutoka kwangu. Gari lilikuwa bovu kweli, hilo halina ubishi, lakini moyo wangu nao haukuwa safi. Je, jambo jema likifanywa kwa hasira kidogo linabaki jema?

Na mzee akikasirika? Akisema hakuna gari, nyekundu wala kijivu, ng'ombe warudi zizini? Amba atarudi kwenye lori la mtu, na kila atakapopitwa atanikumbuka mimi.

Nimeacha kuandika kidogo. Mama mkwe amekuja.

Alikaa jikoni na mimi, akanywa chai yote kwanza, maana yeye hana haraka hata nyumba ikiungua. Amba alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni.

"Mama Gwakisa," akasema, "mzee amenituma kwako. Hakunituma kwa mtoto wake. Amesema kwako."

Shoka likanyamaza nje.

"Nyekundu hapana. Kesho asubuhi yuko yadi. Anataka ile ya kijivu iulizwe nayo, kabla hajatoa ng'ombe hata mmoja. Iulizwe kulekule chini. Yeye atakaa ameipa mgongo." Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika. "Jana usiku ameniambia, kumbe huyu Mhehe ana sauti nzito hivyo!"

Nilimsindikiza mpaka njiani. Nilifurahi, tena nilifurahi sana. Lakini neno la baba limepita juu ya kichwa cha mtoto likaja kwa mkewe, na mtoto mwenyewe alikuwa hapo ukutani anasikia. Nikarudi ndani, nikakaa mezani na daftari hili mbele yangu bila kuandika, namsikiliza kama ataendelea na kuni. Hakuendelea.

Aliingia amebeba gunia tupu, amelikung'uta vumbi, amelikunja mara mbili. Akaliweka mezani mbele yangu. Juu yake akaweka nyundo yake ndogo, ile ya mpini mfupi ambayo hanipi hata nikitaka kupigilia msumari wa kutundikia kanga.

"Utalalia hili," akasema. "Jiwe linadanganya. Gonga na hii."

Nikasema sawa. Hakuondoka. Alisimama akishika ukingo wa meza, anatazama nyundo, si mimi.

"Ikiwa mbovu, sema," akasema. "Lakini ikiwa nzima, mama Gwakisa, sema pia. Usinyamaze tu. Sema kwa sauti, baba asikie kwamba Amba anaweza kuiendesha."

Nimemwahidi. Ametoka, na sasa anatembea uani huku na huku, naye kama mimi. Nimesali sana leo asubuhi kwa maneno mengi ya kitabu. Sasa hivi ninalo moja tu. Ile ya kijivu iwe nzima.